Mama Maria wa Getini

Kila Jumamosi watu hugonga geti letu hapa Ruiru na kuuliza kama hapa ndipo lile gari lilipokataa kwenda. Nawajibu ndiyo, ni hapa, panguseni viatu. Wengi hutoka mitaa ya karibu, wengine Murera, wengine Kiandutu kule Thika. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Kakamega amebana kuku mzima kwapani, akasema ni wa Mama Maria. Nikamweleza kwa upole kwamba Mama Maria hali kuku. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akauliza, "Na nyinyi?" Basi kuku tukampokea.

Wanaokuja ni watu wasiotaka kitu kiondoke. Mume asiondoke, kazi isiondoke, mpangaji anayelipa vizuri asihame. Huingia sebuleni, husimama mbele ya picha ya Mama Maria, hujipapasa kifuani upande wa kushoto mara mbili, kisha husali. Huko kujipapasa sasa kumefika hadi kanisani. Nimesikia katekista akiwaeleza watoto kwamba ni ishara ya moyo.

Nisichoweza kuvumilia ni hadithi wanayokuja nayo. Ati gari lilikuwa jipya. Ati dereva aliona mwanga juu ya boneti akaanguka kifudifudi. Jamani! Mimi nilikuwa ndani ya hilo gari. Lilikuwa pikapu kuukuu ya muuza viazi wa jumuiya yetu ya kanisa, mlango wa upande wangu ulifungwa kwa kamba ya katani, na dereva, yaani muuza viazi mwenyewe, neno la kwanza alilosema siwezi kuliandika. Ngoja niseme ilivyokuwa.

Katika jumuiya yetu picha ya Mama Maria hutembea. Mwezi wa Oktoba, mwezi wa rozari, inakaa nyumba hii siku kadhaa, halafu inabebwa kwa nyimbo mpaka nyumba nyingine. Mwenye nyumba hupaka ukuta rangi, huazima viti, hupika chai ya maziwa mengi. Watoto huoshwa hata nyuma ya masikio. Ni heshima kubwa kuliko kutembelewa na mbunge, maana mbunge hata haketi.

Nyumba yetu ilirukwa. Kila mwaka ilirukwa, na sababu ilijulikana na kila mtu ingawa hakuna aliyeitaja: mama na baba walikuwa hawajafunga ndoa kanisani. Walikuwa wa njoo-tukae. Mama alikuja, wakakaa, wakatuzaa, wakaanza kuzeeka. Mahari ilipelekwa, mbuzi wakaliwa, wazee wakanywa, hakuna aliyelalamika. Lakini padre hakuwa amewaona mbele ya altare, kwa hiyo mama hakupokea komunyo. Kila Jumapili benchi letu zima lilisimama kwenda kupokea, naye akasogeza magoti pembeni ili watu wapite. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni mpaka nikawa mtu mzima mwenye kitambulisho, nimemwona akisogeza magoti. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, na jikoni alilisema bila kuficha: "Mimi nataka kupokea kabla sijafa. Tena nikiwa bado na meno."

Kikwazo alikuwa baba. Baba ni makenika, na hakuwa amebatizwa popote. Ili aoe kanisani ilimpasa kwanza akae darasa la katekisimu, na darasa lenyewe lilijaa watoto wa shule ya msingi kwenye viti vyao vidogo. Aliwahi kwenda mara moja, ujanani. Katekista wa wakati huo alimwambia asimame aseme Baba Yetu, akakwama katikati, na watoto wakamcheka mpaka mmoja akatokwa na kamasi. Baba akachukua kofia yake, akatoka, hakurudi. "Mungu ananijua," alisema. "Tukikutana tutaongea." Tangu hapo ibada yake ya Jumapili ilikuwa kulala chali chini ya gari la mtu.

Kilichoniuma zaidi ni mandazi. Hakuna aliyepika mandazi kumshinda mama, kwa hiyo picha ilipokwenda nyumba yoyote, mwenyekiti wa jumuiya alimpigia simu: "Mama, utatuletea kale kamandazi kako?" Naye alipeleka. Alipita geti letu na beseni kichwani kwenda kulisha wageni wa picha isiyoruhusiwa kuingia kwake. Mimi nilikuwa nachemka. Nilimwambia siku moja awawekee chumvi badala ya sukari. Akaniambia, kwa jina analoniitia mimi bintiye, "Mami, na Mama Maria amekosa nini?"

Sasa, picha ya zamani ilikuwa ya karatasi na mchwa walikuwa wameianza miguuni. Mwenyekiti, mama wa sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, akaamua tuchoreshe nyingine kubwa. Kwa kuwa nilikuwa nafanya kazi Thika, mimi ndiye niliyetumwa kutafuta mchoraji, na niliyemjua alikuwa mmoja tu: kijana wa Kiandutu aliyechora vibao vya saluni na bucha. "Tulia, siz," aliniambia. "Nitakuchorea Mama Maria mpaka yeye mwenyewe aseme, eeh, hapo umeniweza."

Alijitahidi, siwezi kumnyima haki yake. Lakini mkono wake ulikuwa umezoea vibao. Mama Maria alitoka na nyusi za saluni, midomo myekundu, na ngozi ya tangazo la mafuta ya kujipaka. Mkono wa kulia, ambao ulipaswa kubariki, ulikuwa umenyoosha kidole kando kabisa, kama kile kibao cha kuelekeza watu kwa kinyozi. Nilimuuliza anaonyesha nini. Akarudi nyuma hatua, akakunja mikono, akawaza. "Anaonyesha njia," akasema. Kioo kilikuwa kimeshatiwa ndani ya fremu ya mvule, nzito hata wanaume wanne walihema wakiipakia.

Jumuiya ilitupokea pale lami inapoishia, ikatangulia mbele ya pikapu kwa nyimbo na kayamba. Tukawafuata kwa gia ya kwanza, jua linachoma, viazi vilivyosahaulika nyuma vikiviringika chini ya miguu ya Mama Maria. Nyumba ya kwanza kupokea ilikuwa ya mwenyekiti, sasa ungetarajia iwe ya nani? Na ili ufike kwake lazima upite kwetu.

Nikamwona mama getini. Alikuwa ametandika leso yake mpya ya kujifunga vumbini, ile ambayo hata mimi sikuruhusiwa kuigusa, na ametia maua ndani ya mkebe wa rangi. Hakuwa amemwomba mtu yeyote asimame. Alitaka picha ipite tu mbele ya leso yake, basi. Baba alikuwa nyuma yake kwenye stuli, ovaroli mwilini, akisafisha plagi kwa petroli na kujifanya haoni kitu.

"Twendeni, twendeni!" mwenyekiti akapaza sauti. "Tusisimame ovyo njiani!"

Hapo ndipo pikapu ilipochemsha. Mvuke ulitoka mbele fuuu, dereva akasema lile neno lake, na gari likazimika mbele ya leso.

Hakuna ajabu hapo. Gari bovu ukiliendesha kwa gia ya kwanza juani litachemsha hata likiwa limembeba Papa. Baba akainuka, akachukua mtungi wa maji, akafungua boneti na kuinama. Alikaa huko kitambo. Akamwaga maji, akangoja injini ipoe, akafunga, akasema, "Haya, jaribu." Dereva akajaribu. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akajaribu tena. Baba akatikisa kichwa huku akipangusa mikono.

"Hii haiendi sasa hivi," akasema. "Tupeni dakika kidogo. Mama, si uwape watu chai?"

Chai ilikuwepo, na mandazi pia, yale ya kupelekwa kwa mwenyekiti. Watu wakanywa wamesimama barabarani wakimtazama Mama Maria, na mama akamtazama kwa karibu, mkono juu ya fremu, midomo ikisema mambo yao wawili. Halafu mvua ikaja. Ilikuja kwa matone makubwa, bila hodi, na hakuna aliyejua kama rangi za yule kijana zilikuwa za kustahimili maji.

"Ingizeni ndani!"

"Ndani wapi?"

"Hapa hapa, jamani, hapa!"

Wanaume wakaibeba. Mwenyekiti akafungua mdomo, mvua ikampiga kwenye miwani, akaufunga. Mama Maria akaingia kwetu kwa mara ya kwanza, kwa ubavu, mlango ukimtosha kwa kubana, akaegemezwa ukutani kando ya televisheni. Mama akaketi sakafuni mbele yake na leso yenye tope mapajani, akalia. Mimi nikalia. Muuza viazi naye akalia, lakini yeye alikuwa anawaza pikapu yake.

"Ni ya usiku huu tu," mwenyekiti akasema.

Kesho yake gari lilikataa, keshokutwa likakataa, na fremu ile haikuwa ya kubebwa begani kwenye tope. Baba alishinda chini ya boneti asubuhi, mchana akaanza kufagia ua ambao maishani mwake hajawahi kuufagia. Akapangua boksi lote la spana. Akapekua ovaroli, akaigeuza ndani nje, akaitikisa. Nilimuuliza anatafuta nini, akanifokea kama mwizi aliyefumaniwa. Usoni alikuwa amesawijika, na ule mluzi wake wa kila siku haukusikika. Mtaani maneno yakaanza kutembea. Fundi mwenyewe ameshindwa! Fundi ambaye ameamsha malori yaliyokuwa yameota nyasi! Mama mmoja alisema pale kwenye mashine ya kusaga unga, kwamba Mama Maria amekataa kuondoka, na unga ulipokuwa umesagwa habari ilikuwa imefika Murera.

Mwenyekiti akaja kukagua. Alipouona mlango wetu wa mbao na kufuli lake la kitoto alishtuka. "Picha ya jumuiya nyuma ya hiki kitu? Ikiibwa nitamwambia nini padre?" Akaagiza tuweke grili. Baba ni mtu wa kubisha hata akiambiwa kumekucha, lakini safari hii alisema sawa, kwa unyenyekevu uliotutia hofu. Siku hiyo hiyo akachomelea grili safi, fremu yake nene ya chuma ikakaa ndani ya fremu ya mlango, na maua ya chuma juu. Mwenyekiti akaisifu sana.

Hatimaye baba akaenda Thika, akarudi na kitu ndani ya kibahasha cha duka la spea, akainama kidogo tu, na pikapu ikanguruma. Muuza viazi aliondoka bila hata kuaga. Jumapili baada ya misa wanaume wanne wakaja kumchukua Mama Maria. Mama alikuwa amemfuta vumbi tangu alfajiri na macho yake yalikuwa yamevimba. Wakamwinua kwa wimbo, wakafika mlangoni, wakakwama. Wakamlaza. Wakamsimamisha. Wakajaribu kumtoa kona kwanza. Wapi!

"Lakini aliingia hapa hapa," muuza viazi akasema. Wimbo ukafa.

"Ni grili," nikasema mimi. "Grili ni mpya. Imepunguza mlango."

Wote wakanigeukia kama nimetukana. "Huyu amesoma sana," mama mmoja akasema kwa masikitiko. Mwenyekiti, aliyeiagiza hiyo grili kwa mdomo wake, alikuwa ameshika kichwa. Na baba! Baba aliyepima kwa tepu yake, aliyechomelea kwa mkono wake, alikuwa ameegemea ukuta jasho likimtiririka, akinong'ona, "Ngai, Mungu wangu. Hata mlango."

Mtu akasema grili ikatwe. Jirani akaleta grainda, waya ukapitishwa dirishani, baba akavaa miwani ya kazi, akabonyeza. Ikalia grrr mara moja, stima ikapotea. Mtaa mzima. Haki ya Mungu, stima ya mtaa wetu hupotea Jumapili karibu zote, hata kuku wamezoea. Lakini siku hiyo mama mmoja wa kwaya alishuka magotini, wengine wakafuata mpaka nje barazani, na mimi nikabaki nimesimama peke yangu kama mlingoti. Niliona aibu, nikapiga magoti.

Ndipo padre akaitwa. Ni mtu wa maneno machache. Alizitazama zile nyusi, akakitazama kile kidole, akaitazama grili, na naapa grili aliielewa. Akanywa chai. Akala andazi, akala jingine. Kisha akasema Kanisa halina haraka na miujiza, kwa hiyo yeye hasemi ni muujiza na hasemi si muujiza. "Ila picha ya jumuiya haiwezi kufanya makao katika nyumba isiyo na ndoa, kama hakuna hata nia," akasema. "Stima ikirudi, ama mkate grili, ama mtengeneze nyumba. Mtachagua wenyewe."

Hakumtazama mtu. Hakukuwa na haja. Pale Mama Maria alipokuwa amerudishwa ukutani, kidole chake cha kinyozi kilielekea moja kwa moja kwenye kiti cha baba, na baba alikuwa ndani ya kiti.

Sote tuliona. Baba naye aliona, akajifanya anafuata glasi ya maji, na aliporudi akaketi kwenye kochi. Siku iliyofuata mama alipangusa vumbi, na jioni tulipokaa kutazama habari, kidole kilikuwa kinaelekea kochi. Baba akahamia kwenye stuli ya jikoni. Siku moja baadaye mlango wa jikoni ulikuwa wazi, kidole kinapita katikati yake.

"Sawa!" baba akalipuka, ugali mkononi. "Sawa, basi! Nitaenda! Lakini sisimami mbele ya watoto."

Alisimama. Katekista sasa ni msichana niliyemfundisha mimi kufunga kamba za viatu, naye hakumwonea huruma. Baba alikaa kwenye kiti kidogo, magoti yamefika masikioni, akasoma. Alikariri sala akiwa chini ya magari, na wateja walizoea kusikia Salamu Maria ikitoka chini ya sampu ya oili. Alikuwa na maswali. Alitaka kujua kwa nini Pilato, mtu mbaya vile, anatajwa kwa jina katika Nasadiki, na yule fundi aliyemlea mtoto wa Mama Maria hatajwi hata kidogo. Katekista akasema ataenda kuuliza. Na alipokwama, watoto hawakumcheka. Walimnong'oneza, wote kwa pamoja, mpaka majirani wakasikia jibu.

Pasaka ilipokaribia nilimpeleka Thika kwa fundi wa nguo akapimwe suti. Alikuwa mnyonge. Aliniambia alikuwa ameomba kuungama, padre akamwambia hana haja, ubatizo utaosha yote.

"Si vizuri?" nikamuuliza.

"Hii dhambi yangu ni ya chuma," akasema. "Maji peke yake sijui."

Akaniambia hapo hapo, mikono imeinuliwa, utepe wa fundi umemzunguka kifua. Siku ile ya pikapu, alipoinama chini ya boneti, alitoa rota. Rota ni kitu kidogo kinachokaa ndani ya distribyuta na kugawa moto kwa plagi. Kinaenea kiganjani, lakini bila hicho gari ni kibanda cha kuku.

"Nilitaka dakika kidogo tu," akasema. "Mama yako alikuwa ametandika leso yake chini. Wangepita hivi hivi, kama kila mwaka. Nikasema wasimame, amwone vizuri, halafu nirudishe."

"Sasa mbona hukurudisha?"

Akateremsha sauti. Fundi wa nguo aliacha kupima, akasikiliza. "Niliiweka hapa," baba akasema, akijipapasa kifua upande wa kushoto, mahali penye mfuko wa ovaroli. "Nikafunga kifungo. Ovaroli ikalowa, nikaitundika jikoni. Asubuhi naangalia, kifungo kimefungwa vile vile nilivyofunga, na rota hakuna. Mfuko hauna tundu. Mimi nimelala na rota mifukoni maisha yangu yote, sijawahi kupoteza hata moja." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Nilimwibia Mama Maria dakika kidogo, naye akachukua gari lote. Halafu mlango. Halafu stima. Ningefanya nini?"

Nilitaka kucheka na nikashindwa. Fundi wa nguo alifanya ishara ya msalaba na utepe mkononi, akaomba tumwelekeze nyumbani kwetu. Jumamosi alikuwa wa kwanza getini.

Tangu lile tukio, kumbe, kila alipopita mbele ya picha baba alijipapasa kifuani kutazama kama rota imerudi. Watu wakamwona. Huyu ndiye mwenye nyumba, wakasema, lazima anajua namna yake. Wakaanza kujipapasa.

Alibatizwa Pasaka, na baadaye wakafunga ndoa pamoja na wazee wengine wa njoo-tukae, maharusi wote benchi la mbele, waume wakitokwa jasho, wake wakiwa na vitambaa vyeupe kichwani. Wakati wa komunyo ulipofika benchi likasimama. Na mama, katika gauni lake la harusi, akasogeza magoti pembeni ili watu wapite. Alisogeza kwa mazoea tu, bila kufikiri. Baba akamgusa bega.

"Simama, mama," akasema. "Leo ni sisi."

Mimi sikuona kilichofuata. Nilikuwa nimefunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Alasiri, nyumba imejaa wageni, tulibaki mimi na mama jikoni tukitoa mandazi kwenye mafuta. Siri ya baba ilikuwa imenishinda kubeba. Nikaitema yote: rota, ovaroli, kifungo. Mama alisikiliza bila kuacha kugeuza mandazi. Kisha akaweka mwiko chini, akafikia nyuma ya mkebe wa chumvi, akatoa mkebe mdogo wa iliki, akaufungua. Rota ilikuwa ndani, imefungwa vizuri kwenye karatasi ya nailoni.

"Mama!"

"Nilisogeza ovaroli karibu na jiko ikauke," akasema. "Nikahisi kitu kigumu. Nikafungua kifungo, nikatoa, nikafunga kifungo. Mimi si mtu wa kuacha vitu wazi."

"Na ulijua ni nini?"

"Nimeishi na makenika, nikose kujua rota?"

"Ukamwona akitafuta! Akifagia ua!"

"Nilimwona. Alifagia vizuri."

"Ukamwacha ahangaike hivyo?"

"Mami," akasema, "mimi nimemngoja ujana wangu wote. Yeye kuhangaika kidogo tu?"

Nikamuuliza na kile kidole. Akakiri kwamba kwenye kochi alikielekeza yeye, akisukuma kona ya fremu kwa goti, na jikoni pia. "Lakini kile cha kwanza, kwenye kiti, mbele ya padre," akasema, na hapo sauti yake ikabadilika, "kile mimi sikukigusa. Wala grili. Wala stima."

"Sasa utamwambia?"

Akaikunja nailoni, akafunga mkebe, akaurudisha nyuma ya chumvi. Alikuwa bado na kile kitambaa cheupe kichwani, kimerukiwa na mafuta.

"Siku ile nimeweka mkono kwa fremu nilimwomba kitu kimoja," akasema. "Nilimwambia, mama mwenzangu, nimechoka kubaki kwa benchi peke yangu. Jioni hiyo hiyo akaniwekea rota mkononi. Sasa mimi ni nani nirudishe?"

Akanipa beseni, akaniambia nitoke upesi, wageni wana njaa. Sebuleni walikuwa wamejipanga mbele ya picha, mwenyekiti mbele yao, kila mmoja akijipapasa kifuani. Baba alikuwa katikati katika suti yake mpya, naye alikuwa anapapasa mfuko.